Mama wa Mgomba

Wewe uliyetoka kupewa kile kikopo cha makohozi ukaambiwa usubiri nje, sogea hapa nikusimulie. Sitakueleza vijidudu vinaingilia wapi na vinatokea wapi. Hayo nesi atakueleza, na asipokueleza muulize, ni kazi yake. Mimi nataka nikuambie jambo ambalo mimi sikuambiwa: kifua kitapona, maana dawa zipo na ukizimeza zinafanya kazi, lakini kuna kitu kingine kitakukaba hapa kooni na hakina kidonge. Wivu. Nilimwonea wivu wifi yangu. Niliwaonea wivu wanawake wanene wa soko la Mwanga. Nikafika mahali nikamwonea wivu mwanasesere wa maganda ya mgomba. Usicheke. Ngoja yakufike.

Mimi ni wa Ujiji, mtoto wa mjini, nimesoma mpaka kidato cha nne. Mume wangu Rajabu ni fundi wa injini za boti, kwao Mwamgongo, kijiji cha wavuvi ukishaipita Gombe. Mtoto wetu Shani alikuwa ametimiza mwaka na ushee, anatembea kama mlevi, ananyonya kama ndama. Kikohozi kilinianza masika. Nikaambiwa ni mafua, nikaambiwa ni moshi wa kuni, nikanyweshwa tangawizi mpaka nikaichukia. Rajabu akasema niache maji ya friji. Masika yakaisha, kikohozi kikabaki, nikawa naamka nguo imelowa jasho kama nimetoka kuoga. Siku niliyotema damu kwenye beseni la vyombo ndiyo siku Rajabu alipoacha kuongea habari za friji.

Benchi letu sisi watu wa kifua liko nyuma ya jengo la hospitali, mahali upepo unapopita. Wagonjwa wengine wana viti ndani na televisheni. Sisi tuna ukuta na kuku wa mlinzi. Siku ya kwanza nilikaa ncha ya benchi, barakoa imenipanda mpaka machoni, naomba Mungu asipite mtu wa Ujiji. Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa Kidahwe, muuza ndizi, ametangulia kuanza dawa. Wote walimwita Mama Devota.

"Mwakeye," akaniamkia Kiha.

Sikuitika. Akahamia Kiswahili.

"Ndiyo unaanza leo?"

"Ndiyo."

"Basi kesho ukikojoa usipige kelele. Utaona mkojo mwekundu kama soda. Ni dawa tu. Mimi niliita majirani, wakaja mpaka na shekhe, na mimi ni Mkatoliki."

Nilicheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikanikunja. Alinishika mgongo mpaka kikatulia. Tangu nianze kuumwa watu walikuwa wananipa vitu kwa kuvisukuma juu ya meza. Huyu alinigusa.

Shani alipimwa akakutwa mzima, akapewa dawa ya kumkinga. Nesi akasema, kama kuna mtu wa kumlea kwa muda mfupi, mpaka dawa zangu zishike, itakuwa vizuri zaidi. Alisema muda mfupi. Nilimsikia kwa masikio yangu. Rajabu yeye alisikia mpeleke mbali. Akaanza kupiga simu. Mke wa kaka yake akasema nyumba imejaa. Dada yangu wa tumbo moja akasema watoto wake wana pumu, na mimi nawajua wale watoto, wanakimbiza pikipiki barabarani kutwa nzima. Aliyekubali ni Mwasiti, mdogo wake Rajabu.

Nikueleze Mwasiti alivyo, uone nilivyochomwa. Rika langu. Mweusi wa kung'aa, mnene wa kupendeza, amejifungua karibuni, maziwa yanamlowesha blauzi. Alikuja na boti, mwanaye mgongoni, akakaa mbali nami kidogo, akasema, "Pole wifi, umebaki macho." Pale Kibirizi, boti zinapopakia kwenda kaskazini, nilisimama upande wa pili wa magunia. Shani analia ananyoosha mikono kwangu. Mwasiti akaketi ndani ya boti, akafungua blauzi, akamkamatisha titi. Mtoto akanyamaza. Injini ilikuwa haijawashwa hata! Akanyamaza hapohapo, mkono mmoja anachezea hereni ya Mwasiti.

Mimi nilirudi nyumbani matiti yamejaa, yamekuwa mawe, hakuna wa kuyanyonya. Niliyafunga kwa kanga mpaka yakakata tamaa. Hilo nalo hakuna aliyeniambia.

Mwezi wa kwanza wa dawa sikuufahamu vizuri. Nilikuwa nameza mbele ya nesi asubuhi, narudi, natapika mate, nalala. Mifupa ya mabega ilitokeza nikawa kama nimevaa henga ya nguo. Sketi zangu nilizifunga kwa pini. Pale sokoni mwanamke aliyetangulia mbele yangu akitikisika huko nyuma nilikuwa namwangalia kwa chuki, kama ameniibia. Kiangazi kikaingia, upepo wa ziwani ukaleta vumbi, na Rajabu akaanza kula peke yake barazani. "Kuna hewa huku," anasema. Alichukua kikombe chake akakiweka juu ya kabati. Nilikiangalia tu kile kikombe.

Jioni moja akaniletea simu yake, anatabasamu, anafikiri ananifurahisha.

"Cheki mwanao."

Video. Shani amekaa kwenye mkeka nje kwa bibi yake, amenenepa, anang'aa mafuta ya mawese. Amekumbatia kitu. Kitu chenyewe kina kichwa cha boya la wavu, nywele za makapi ya chikichi, macho ya vikonokono vya ziwani. Kimevaa kanga yangu, ile niliyombebea tangu azaliwe. Hakina mdomo. Shani anakibusu usoni anasema, "Mama. Mama."

"Hicho nini?"

"Mama wa mgomba. Si wewe huyo!"

Akanieleza. Kwao, mtoto akitenganishwa na mama yake, kwa ugonjwa au safari, anatengenezewa mama wa mgomba. Kiwiliwili maganda makavu ya mgomba, viungo vinafungwa kwa nyuzi za wavu uliochakaa, na vingine vyote unaokota, hununui hata kimoja. Anavalishwa nguo ya mama mwenyewe, yenye harufu yake. Roho ya mama inakaa humo mpaka mwenyewe arudi. Mdomo hawekewi, kwa sababu wa kusema ni mama mwenyewe akija. Sijui kama ni mila ya Waha wote au ya ukoo wao tu. Mimi Ujiji sijawahi kuiona, na baba yangu, mtu wa swala tano, angesikia angeng'oa paa.

"Nani kamtengeneza?"

"Mwasiti. Ana mkono mzuri yule."

Wallahi nilitaka kumpiga na simu yake. Ushirikina haukuwa shida yangu hata kidogo. Shida yangu ni kwamba kuna mti mahali umevaa kanga yangu unaitwa mama, unalala na mwanangu, unabusiwa, na mimi niko Ujiji nakojoa soda.

"Basi na mimi nitatengeneza," nikamwambia Mama Devota kesho yake. "Nitatengeneza mzuri kuliko huyo, nimpeleke, yule wa Mwasiti atupwe."

"Unajua kutengeneza?"

"Nimefika kidato cha nne, nitashindwa mwanasesere?"

Siku iliyofuata alikuja na fungu la maganda ya mgomba kutoka shambani kwake, ameyafunga vizuri kama mboga. Akanionyesha: yanyunyizie maji, yasilowe sana, uyapige kwa kijiti mpaka yalegee, kisha uyasokote kama unasuka ukili wa mkeka. Vingine nikaviokota. Jua likipungua nilishuka ufukweni Kibirizi, napumzika kila baada ya hatua chache kama bibi kizee, naokota boya lililopasuka, vipande vya wavu, vikonokono vyeupe ambavyo ziwa linavitema mchangani. Makapi ya chikichi niliyapata kwa wakamua mawese. Kule Mwanga mafundi cherehani walinipa vipande vya vitenge. Mmoja aliposikia nakohoa akarudisha kiti nyuma mpaka ukutani. Nikamwambia ni pilipili. Akasema, "Pilipili gani ya kuvaa barakoa, dada?" Vitambaa alinitupia kwa mbali.

Benchi likawa karakana. Kazi ilikuwa ngumu kuliko nilivyodhani, kwa sababu dawa zilinipa ganzi vidoleni, uzi naushika nauona, siusikii. Nesi akaniongezea kidonge cha kupunguza ganzi, ikapungua taratibu. Wenzangu wakawa wananitania.

"Huyo naye ana TB?"

"Hana, ila kakonda kama mama yake."

Nesi mwenyewe akapita siku moja na trei yake ya dawa, akamwangalia mwanasesere juu ya paja langu. "Huyu kashameza?" Watu walicheka mpaka wakakohoa wote, na sisi tukianza kukohoa wote ni kama ngoma. Nikuambie kweli, siku zile kwenye lile benchi ndizo zilizoniweka hai. Nyumbani nilikuwa ugonjwa. Kule nilikuwa mtu anayeshona.

Nilimkamilisha. Nilimvika gauni la kitenge cha njano, nikamjaza pamba ya mto wangu mwenyewe, nikampa na mdomo mwekundu, makusudi, ili aseme. Rajabu akampeleka kwa mtu wa boti. Baada ya siku chache sauti ya Mwasiti ikaingia kwenye simu, nyuma yake nasikia watoto wanacheka.

"Wifi, usiudhike. Hiki kitu chako mtoto hakitaki. Nimempa, kakiangalia, kakitupia kuku. Halafu mbona kina mdomo? Mama anasema kinamtisha."

Nilimjibu. Maneno niliyomjibu siwezi kuyataja hapa, wewe ni mgonjwa, usiongezewe. Niliyafuta, nikatulia, kisha nikayarudia yaleyale na kuyatuma.

Siku makohozi yangu yalipopimwa tena nesi akaniambia, "Mama, huambukizi tena. Endelea na dawa mpaka mwisho, lakini mwanao unaweza kukaa naye." Nilitoka pale nakimbia, mimi niliyekuwa siwezi kupanda ngazi. Nikamwambia Rajabu. Akakuna shingo.

"Mama anasema umalize kwanza dozi yote."

"Mama yako kasomea udaktari wapi?"

"Usimtukane mama."

"Sijamtukana. Namuuliza chuo."

"Mwasiti naye anasema mtoto amezoea..."

"Mwasiti anasema!"

Kesho yake sikumuaga. Niliweka vidonge vyangu kwenye mkoba, nikajitanda mtandio, nikapanda boti ya Mwamgongo. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Hili la kwanza, hili la pili, hili la kummaliza. Milima ya Gombe inapita hapo pembeni mibichi na mizuri, nami siioni.

Mama mkwe nilimkuta mchangani anageuza dagaa. Mwasiti yuko mlangoni anachambua mchele, mwanaye amelala kwenye mkeka. Na Shani amekaa katikati yao, na mama wa mgomba mapajani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekonda, lakini rangi imerudi."

Nikapiga magoti, nikavua barakoa ili mtoto anione uso. "Shani. Njoo kwa mama."

Mwanangu alisimama. Akaniangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni. Kisha akafanya alichofundishwa kumfanyia mgeni.

"Kamoo," akasema.

Mwanangu ananiamkia shikamoo! Halafu akageuka akaenda kujificha nyuma ya Mwasiti, akashika gauni lake. Maneno yote niliyopanga kwenye boti yalinitoka kichwani. Nilichobaki nacho ni mikono tu. Nikamnyakua yule mwanasesere. Shani akapiga yowe. Nikampeleka puani, kwa sababu nilitaka angalau kujisikia mwenyewe, ile harufu ya kanga yangu ya kubebea mtoto. Kanga imepauka imekuwa nyeupe. Nilichonusa ni maziwa yaliyochacha na mafuta ya nazi. Harufu ya Mwasiti.

"Kanga yangu mmeifanya nini?"

Mama mkwe akapangusa mikono. "Tuliichemsha."

"Mliichemsha?"

"Na sabuni. Na majivu. Tena nikairudia. Ugonjwa wenyewe ule, mwanangu, tungemlaza mtoto juu yake hivihivi?"

"Sasa roho yangu mlitaka ikae kwenye nini? Kwenye povu?"

Mwasiti akaangua kicheko, akajiziba mdomo. "Wifi, sikia. Nilimtengeneza vizuri, na kanga yako. Mtoto akamnusa akamtupa. Hanuki kitu! Analia mpaka asubuhi. Ndiyo nikamfumua tumbo nikamjaza kitambaa changu."

"Kitambaa gani?"

"Cha kufutia maziwa."

Elewa walichonifanyia. Nesi alishatuambia kwa mdomo wake kwamba ugonjwa huu hauambukizwi na nguo. Rajabu alikuwepo. Lakini woga ukaichemsha kanga, na mila ikadai harufu, na kati ya woga na mila mimi nikafutwa na sabuni akaingizwa Mwasiti. Kiangazi kizima mwanangu amelala na Mwasiti kushoto, na Mwasiti aliyevaa nguo zangu kulia. Angenijua vipi?

Nikashika shingo ya yule mwanasesere niing'oe. Mama mkwe akanidaka kifundo cha mkono. Ana nguvu yule mama, kavuta nyavu maisha yake yote.

"Anafumuliwa na aliyemfunga. Si wewe."

"Basi afumue! Afumue nimchukue mwanangu niondoke!"

"Utamchukua. Nani kakukataza? Lakini huyu mtoto sasa anatengana na mama anayemjua. Ukimbeba hivihivi ataugua kwa kulia. Mtengenezee mama wa mgomba."

"Wa nani?"

"Wa Mwasiti. Na anayemfunga ni anayemchukua mtoto. Wewe."

Hapo nilicheka mimi. Nilicheka kwa hasira mpaka machozi. Mtu kaninyang'anya mtoto, kamnyonyesha, kaniingia mpaka tumboni kwenye sanamu yangu, halafu mimi ndiye nikae nimchonge! Nikasema sifanyi. Nikaenda kukaa ufukweni. Shani hakunifuata. Jua lilipoanza kushuka nikasikia analia, nikasikia ananyamazishwa, na hakunyamazishwa na mimi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ningeweza kushinda ugomvi ule na bado nikamkosa mwanangu. Ningempandisha boti kwa nguvu, kisha? Ningekaa Ujiji na mtoto anayenililia mwingine usoni.

Asubuhi nikashika ufukwe kuokota.

Boya nililipata chini ya mtumbwi mbovu. Maganda ya mgomba nyuma ya nyumba. Mwasiti alikuwa amekaa hatua mbili kutoka nilipokuwa, ananyonyesha, ananisimamia kama fundi mkuu.

"Mbona umenipa kiuno chembamba?"

"Kaa kimya nifanye kazi."

"Mimi sio fimbo, wifi. Ongeza hapo nyuma. Ongeza. Unaona wivu mpaka kwenye maganda?"

Niliongeza. Niliongeza sana, makusudi, akatoka na makalio kama mzinga wa nyuki. Mwasiti akampokea, akamgeuza, akamwangalia huku na huku.

"Sasa hapo umeniona," akasema.

Kazi ilikwama kwenye kufunga kifua. Ndiyo fundo la mwisho, na kwao ukilifunga unamtaja mwenye roho na unamsemea jambo jema. Nikafunga, likafumuka. Nikafunga tena, uzi ukateleza, maganda yakaachana kama kitabu.

"Anafumuka kwa sababu una kinyongo," mama mkwe akasema bila kuinua macho kwenye dagaa zake.

"Anafumuka kwa sababu vidole vyangu bado vina ganzi ya dawa."

"Haya, sema jambo jema, tuone kama ganzi itasikia."

"Mwasiti anajua kusuka."

Likafumuka.

"Mwasiti anapika vizuri."

"Uongo huo," mama mkwe akasema, na kweli likafumuka. Mwasiti akanuna.

"Mwasiti ana maziwa mengi." Hilo nililisema nimeuma meno. Uzi ukakatika kabisa.

Nikautupa. Nikakaa nikiutazama ule mdoli wa mwanamke mnene, kifua wazi, na nikakumbuka zile simu za Rajabu, kila mtu na pumu yake, kila mtu na nyumba iliyojaa. Nikachukua uzi mwingine, nikaung'ata kwa meno, nikavuta kwa mkono wa kulia wenye nafuu.

"Huyu ni Mwasiti," nikasema. "Mtoto wangu alipoogopwa na watu wote, huyu hakumwogopa. Alikuwa na mwanaye mchanga, na bado akampa titi."

Sijui ni ganzi, sijui ni uzi mpya. Fundo lilishika. Nikalijaribu kwa nguvu, likashika.

Nikatazama juu nisikie kejeli gani itafuata. Mwasiti alikuwa ameinamisha kichwa kwa mwanaye, anamwekea vizuri kofia ambayo ilikuwa imekaa vizuri. Baada ya muda akavua kitambaa chake cha kichwani, hakijafuliwa, akanirushia.

"Mvalishe hicho. Na usikichemshe."

Mama wa mgomba wangu Mwasiti akamfumua mwenyewe pale maji yanapogusa mchanga. Kitambaa cha maziwa akakitia kwapani. Kanga akanirudishia. Maganda ziwa likayachukua, na boya likaelea kidogo, na Shani akalipungia mkono. Nililala kule siku chache zaidi, mkeka mmoja na Mwasiti, mtoto katikati. Tulitukanana kila siku.

Nisikudanganye ukafikiri yaliishia hapo. Kwenye boti Shani alilia mpaka Gombe ikabaki nyuma, kisha akalala, mashavu yamemganda kwenye kile kitambaa. Nyumbani alilala amemkumbatia Mwasiti wa mgomba, mgongo kanipa mimi. Nilimwonea wivu sanamu niliyemfunga kwa mikono yangu mwenyewe, na kila makalio yake yakinigusa kitandani nilitamani kumtupa dirishani. Sikumtupa. Mtoto akiamka anamlilia Siti, ndivyo alivyomwita Mwasiti, nilikuwa namwambia, "Siti huyu hapa, na mama huyu hapa," na nilisubiri. Kusubiri nilishafundishwa na lile benchi.

Nilimaliza dawa mvua za kwanza zilipoanza. Mama Devota alikuwa amenitangulia kumaliza, lakini siku yangu ya mwisho alikuja na mkungu wa ndizi, tukala pale pale na wagonjwa wapya, na mmoja alikuwa anaogopa kukaa karibu nasi. Rajabu alishusha kikombe chake kabatini. Siku moja zipu ya sketi yangu ikagoma kufunga, nikamwita aje aone. Nilimwambia pia siku nikiwa na nguvu zangu zote nitagombana naye kuhusu lile kabati. Nimeshagombana naye.

Wewe unayeanza, meza dawa hata siku unayojisikia mzima. Ganzi ikikushika mwambie nesi mapema, usikae nayo. Mkojo usikutishe. Muulize nesi ni lini unaweza kukaa na mwanao, na siku ya kuuliza hilo nenda na mumeo, asikie mwenyewe, kisha msimamie arudie alichosikia. Wivu nao sina la kukuambia, utakuja. Ukija, mpe mikono yako kazi.

Juzi nilikuwa najiandaa kwenda Mwanga kununua dagaa. Nimefunga mtandio, nimechukua kikapu. Shani akaja anaburuza kanga mkono mmoja, mkono mwingine amembeba yule mwanamke mnene wa mgomba kwa mguu. Akanizunguka nyuma, akanipiga piga kiunoni niiname.

"Mama," akasema. "Beba Siti."

Aliniita mimi. Hapakuwa na mwingine mle ndani.

Nikainama. Nikamfunga Mwasiti mgongoni, nikamkaza vizuri asianguke, nikamshika mwanangu mkono, tukaenda sokoni hivyo. Watu walicheka tangu nyumbani mpaka Mwanga. Mzito yule mwanamke.